Dole la Mume: Kazi Yangu ya Kupumzisha Wazazi, Tongoni na Amani

Siku ya kwanza kuripoti kazini nilivaa gauni jeupe lililonipwaya mabegani, kwa sababu lilishonwa kwa kipimo cha nesi mwingine aliyepangiwa kituo kile kabla yangu, akaolewa na kuacha kazi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mimi ni Mshambaa wa milimani, mtoto wa Kilutheri, na nilikuwa nimemaliza mafunzo ya unesi na ukunga mjini Tanga. Barua ya kazi ilinipeleka kwenye zahanati ya vyumba viwili katika kijiji kimoja cha pwani, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Tongoni.

Mkuu wa zahanati tulimwita Bwana Dresa. Siku hizo dresa alikuwa mtu aliyefundishwa kufunga vidonda, kupiga sindano na kugawa dawa za kawaida, na kijijini ndiye aliyekuwa daktari wa kila kitu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akiendelea kukunja bandeji. Kisha akanitazama gauni.

"Utanenepa," akasema. "Hapa samaki wapo."

Akanionyesha jiko la kuchemshia sindano, mizani ya kupimia watoto wachanga, na kile tulichokiita pembe, yaani kifaa cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ambacho nesi huweka kwenye tumbo la mama na kutega sikio upande wa pili. Akanionyesha na kabati la dawa, ambalo ufunguo wake alikuwa akiufunga kwenye pindo la shuka lake. Asubuhi hiyo hiyo nikaanza kupima watoto.

Mama wa nne kwenye foleni alikuwa Mwanaidi. Alikuwa mwembamba, viganja vyake vyeupe kwa upungufu wa damu, na amembeba mtoto wa miezi mitatu, uzao wake wa saba. Nilipomaliza kumpima mtoto, hakuondoka. Alisubiri mpaka wenzake wametoka, akafunga mlango mwenyewe.

"Nesi, nilipojifungua huyu nilitokwa damu mpaka nikapelekwa mjini kwa lori la chokaa," akasema. "Daktari akaniambia nikizaa tena nitakufa. Nikamwambia nimesikia. Akanipa ruhusa ya kurudi nyumbani. Sasa mimi nina mume, na nyumba yetu ina kitanda kimoja. Nifanyeje?"

Nilisoma ukunga, nilijua kugeuza mtoto aliyekaa vibaya na kutoa kondo la nyuma lililokwama, lakini swali lile halikuwamo katika masomo yetu. Nikaenda kumuuliza Bwana Dresa.

"Mwambie apumzike," akasema.

"Apumzike vipi, na mumewe yupo?"

Akafikiri, akalitazama kabati lake. "Hilo humu halimo," akasema, na nikaona kwamba hakusema kwa dharau. Alisikitika kweli.

Vijana wa leo mnapaswa kujua kwamba maneno "uzazi wa mpango" hatukuwa nayo. Lakini pwani ilikuwa na neno lake la zamani. Mtoto aliyedhoofika kwa sababu wazazi wake wamekutana mapema na mama ana mimba nyingine, walisema amebemendwa, na aibu iliwaangukia baba na mama kwa pamoja. Kwa hiyo kila mtu alijua kwamba vizazi vinatakiwa kuachana. Njia ndiyo iliyokuwa ngumu. Wengine walimpeleka mama kwao miaka miwili, wengine walifunga hirizi kiunoni, wengine walinyonyesha kwa muda mrefu na kuomba Mungu.

Kila mwezi nilikwenda mjini kuchukua dawa na kutoa ripoti kwa Metroni, mkuu wa manesi, Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili kilichonyooka kama rula. Nilimweleza habari ya Mwanaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi.

"Vifaa vipo duniani," akasema. "Wake za maofisa wanavipata. Kwa nini wewe unauliza?"

"Kwa sababu nimeulizwa, Metroni."

Mwezi uliofuata nilipokwenda, alinipeleka kwenye chumba cha nyuma kwa daktari mwanamke aliyekuwa amewasili karibuni kushughulikia akina mama na watoto. Huyu alikuwa mcheshi, hana subira, na alikuwa na sanduku la bati la biskuti. Ndani yake hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na viwambo, vikombe laini vya mpira vyenye duara la waya ukingoni, vya kuziba mlango wa mji wa uzazi ili mbegu ya mwanamume isipite. Mlikuwa na pete za kupimia, kwa sababu wanawake hawalingani na kila mmoja hupewa kiwambo cha saizi yake. Mlikuwa na dawa nzito ya kupaka kama jeli, na vidonge vya povu ambavyo mwanamke huviweka ndani kabla ya tendo. Nilifundishwa wiki mbili. Mwisho wa mafunzo Metroni akanipa maagizo yake.

"Hutahubiri," akasema. "Atakayeuliza, utamjibu. Na hutampa mwanamke yeyote kifaa bila idhini ya mumewe. Fomu hizi hapa. Asiyejua kuandika atie dole gumba."

Nilirudi na sanduku kichwani, nimefurahi kama niliyefaulu mtihani mara ya pili. Mwanaidi aliposikia alicheka kwa furaha, kisha akaiona fomu na kicheko kikakatika.

"Bakari hatatia dole," akasema. "Nimekwisha kumgusia. Aliondoka akaenda kazini bila kula."

Bakari mumewe alikuwa mkwezi, anaangua nazi katika mashamba ya watu. Nilimfuata huko huko. Nilimkuta juu ya mnazi mrefu, naona nyayo tu.

"Shikamoo, Mzee Bakari."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Nesi wa zahanati."

"Mimi siumwi."

"Nimekuja kuhusu Mwanaidi."

Nazi ikaanguka karibu yangu.

"Sogea hapo, utaumia," akasema.

Nikasogea. Ikaanguka nyingine, karibu vile vile. Nikasogea tena, nikakaa juu ya lundo la makuti na kufumbata mikono. Nilijua jambo moja: mkwezi hakai juu siku nzima, miguu hufa ganzi. Aliangua mnazi ule mpaka ukabaki majani. Akakaa kidogo akitazama bahari. Mwishowe akashuka, kwa kuwa hakuwa na namna, akasimama mbele yangu akijipangusa kifua. Kwa vile alikuwa mtu wa adabu, alinikatia dafu kwanza.

"Binti, una watoto wangapi?"

"Sina."

"Mume?"

"Sina bado."

"Mambo haya umeyajulia wapi?"

"Nimesomea. Lakini yaliyompata mkeo hukuhitaji kusomea. Ulikuwapo."

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nje ya mlango," akasema polepole. "Nikawaona wakipita na beseni, wakipita na beseni. Mimi nampenda yule mwanamke, usidhani simpendi. Lakini nikitia dole langu kwenye karatasi hiyo nitakuwa nimemwambia Mungu basi. Mimi nipande minazi kila siku, nimwambie Mungu basi?"

Nilielewa. Mimi Mkristo, ningemjibu kwa dini ningeonekana namhubiria. Nikamuuliza kuna mtu gani ambaye akisema jambo hili linafaa, yeye atatulia. Akasema Maalim.

Maalim alikuwa mzee wa chuoni, ndiye aliyewafundisha Kurani watoto wa kijiji kizima na baba zao kabla yao. Nilijitanda kanga mbili, nikaenda na sanduku. Alinikaribisha barazani, akamwita mkewe, Bi Mwanakheri, aje akae nasi. Nilimweleza yote bila kupunguza. Bi Mwanakheri alikitazama kiwambo kwa macho makali kuliko mumewe. Maalim alivaa miwani, akakigeuza geuza kwa ncha ya kalamu, kisha akaanza kuniuliza, na sijapata tena mtihani kama ule.

"Kinaua kilichokwisha kuumbwa?"

"La, Maalim. Kinazuia kisianze."

"Kikitolewa, mwanamke anazaa tena?"

"Anazaa."

"Anayeamua ni nani?"

"Mume na mke."

"Usinijibu la kunifurahisha. Kwenye karatasi hii anatia dole nani?"

"Mume."

"Na mke?"

Nikaitazama fomu kama ninayeiona mara ya kwanza. "Mke hana mahali pa kutia."

Akavua miwani. "Basi hapo karatasi yenu ina kasoro. Sisi tuna jambo linaitwa azl, mume kumwaga nje. Limesemwa zamani. Wanazuoni wengi wameliruhusu, wengine wamelichukia, na wengi wameshurutisha mke awe radhi. Kifaa hiki nakiona kimekaa upande huo huo. Lakini niache mpaka Ijumaa nisome. Nawe ongeza mahali pa mke."

Ijumaa baada ya sala alitoa darasa refu. Mimi sikuwapo, lakini kijiji kizima kilinisimulia. Hakumtaja Mwanaidi wala mimi. Alisema kwamba mtu kumlinda mkewe asife hakumpunguzii Mungu chochote, na kwamba anayetaka kuuliza zaidi amfuate nyumbani asije kumkera msikitini.

Jumamosi asubuhi Bakari alikuja zahanati amevaa kanzu. Nilikuwa nimepiga mstari kwa rula chini ya mahali pa mume, nikaandika "Mke". Akatia dole. Mwanaidi akatia lake. Bakari akaliangalia dole la mkewe kando ya lake, akasema, "Limependeza," akaondoka kwenda kazini. Niliingia na Mwanaidi chumba cha ndani, nikampima, nikamfundisha kukiweka na kukitoa mpaka akaweza mwenyewe. Mara ya kwanza kilimponyoka kikaruka kikagonga ukuta. Tulicheka mpaka Bwana Dresa akabisha hodi kuuliza kama kuna aliyezirai.

Jumatatu akaja Bi Mwanakheri. Nilidhani anakuja kukagua.

"Maalim katoa hukumu," akasema, akivua viatu. "Mimi nimekuja kuitekeleza. Nina watoto tisa."

Baada ya hapo sikuhitaji kuhubiri. Metroni alisema nijibu watakaouliza, na sasa waliuliza wengi mno. Nilipewa baiskeli ya kike, nikawa nazunguka vijiji vya jirani na mizani nyuma na sanduku mbele. Niliona kwamba mwanamke wa kijiji cha mbali hawezi kuacha shamba na watoto ili afuate zahanati, ila mizani ikifika kwenye uwanja wake atatoka. Kwa hiyo nilipima watoto kwanza, na mama aliyekuwa na swali lake alibaki nyuma kunisaidia kukunja mizani. Kuna siku mizani moja ilikunjwa na wanawake kumi na mmoja.

Makosa yalikuwapo. Mwanamke mmoja alikitia kidonge cha povu kwenye glasi ya maji akampa mumewe anywe, kwa kuwa aliona mwenye kosa ni mume. Mume alitokwa povu mdomoni na kukimbizwa kwetu. Alipoelezwa, alicheka kuliko sisi, na ndiye aliyetutangazia kwa wanaume wenzake. Fundi baiskeli wa kijiji cha pili alikiokota kiwambo kilichoanguka njiani, akakikata viraka vya mpira wa baiskeli. Alikuja kuniuliza mpira mzuri namna ile unauzwa wapi.

Lakini lipo kosa lililokuwa langu. Mama mmoja, Zainabu, alishika mimba hali alikuwa akitumia kiwambo bila kukosa. Alikuja akaniwekea kiwambo mezani. Kilikuwa kimelainika kama ugali, kina tundu. Nikamuuliza anakitunzaje. Akasema anakipaka mafuta ya nazi, kama anavyopaka kila kitu apendacho. Mafuta huula mpira. Mimi nililijua hilo kutoka darasani, ila sikuwahi kulisema, kwa kuwa aliyenifundisha hakutoka nchi ya minazi na hakulikazia. Nilimwomba radhi. Tangu siku hiyo kila mwanamke niliyempa kiwambo nilimwambia mambo mawili kabla ya yote: kisiguswe na nazi, na kikikauka kipakwe unga laini wa muhogo. Zainabu alizaa salama mtoto wa kike, akamnyonyesha, akarudi kuchukua kiwambo kingine. Hakunisema vibaya hata siku moja, na hilo lilinifundisha kazi kuliko kama angenigombeza.

Sasa niwaeleze siku ya ukaguzi, iliyonitia hofu kuliko zote. Metroni alikuja kwa gari, akakaa kwenye meza ya Bwana Dresa, akaomba fomu zote. Alizisoma moja moja. Kwanza akauliza ni nani aliyeongeza mstari kwenye fomu ya serikali.

"Mimi, Metroni. Kwa ushauri wa Maalim."

"Maalim ni nani?"

Nikamweleza. Akaandika kitu kwenye daftari lake, sikukiona. Akaendelea. Ghafla akasimama kwenye fomu moja na mimi nikajua ni ipi. Mwenye fomu ile alikuwa mwanamke kijana mwenye watoto wanne, na mumewe alikuwa amevuka mpaka wa Horohoro kwenda kutafuta kazi Mombasa. Alikuwa akirudi mara moja kwa mwaka, anamwachia mimba, anaondoka. Siku moja mke aliniletea fomu ikiwa tayari imetiwa madole mawili. Nilimuuliza mumewe amerudi lini. Akasema, "Nesi, we ipokee tu." Nikaipokea.

Metroni aliisogeza fomu dirishani penye mwanga. "Mume huyu ana dole dogo sana," akasema.

"Ndiyo, Metroni."

"Dogo sawa na la mkewe."

"Ndiyo, Metroni."

"Na hii rangi nyekundu ukingoni ni nini?"

Sikuweza kusema uongo. "Ni hina, Metroni."

Bwana Dresa akaanza kukunja bandeji zilizokwisha kukunjwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kujiona narudi milimani na begi langu. Metroni akaiweka fomu katikati ya nyingine, akazigonga mezani zikalingana, akazifunga kamba.

"Waambie wanawe mikono kwanza," akasema.

Akasimama, akavaa kofia yake, akaomba maji ya kunywa. Fomu zilizoletwa baadaye zilikuwa zimechapishwa na mahali pa mke. Miaka mingi baadaye mahali pa mume pakaondolewa kabisa, lakini wakati huo Metroni alikuwa amekwisha kurudi kwao.

Karibu na mwisho wa miaka ile ya hamsini nilihamishiwa upande wa milima ya Amani, kwenye zahanati iliyohudumia vibarua wa mashamba ya chai. Baridi ya kule ilinikumbusha kwetu, na wanawake wa Kishambaa walifurahi kuamkiwa "onga mshi" na nesi. Daktari wa wilaya, bosi wangu mpya, aliniambia, "Huku Maalim wako hayupo, utafanyaje?" Kweli hakuwapo, lakini walikuwapo wazee wa kanisa, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kwenda kwanza kwa anayeaminiwa, nilikwenda kwao. Akina mama wa Kikatoliki waliosema dini yao haiwaruhusu vifaa niliwafundisha kuhesabu siku. Nilimpa kila mmoja kamba yenye mafundo, fundo moja kwa siku, na mafundo ya hatari tuliyapaka masizi. Njia ile si imara, na niliwaambia hivyo wazi. Lakini mtu hupewa anachoweza kukibeba.

Niliolewa huko Amani na mwalimu wa shule, tukazaa watatu, tukapumzika. Wapo waliosema nesi anawanyima wenzake na yeye kazaa watatu tu. Niliwajibu kwamba sijamnyima mtu, nimeulizwa nikajibu.

Mwanaidi hakuzaa tena. Niliporudi pwani kikazi baada ya Uhuru nilimkuta amenenepa, anauza vitumbua, na Bakari ameacha kupanda minazi kwa sababu ya magoti. Baadaye Mwanaidi alimzika mumewe, akawaoza watoto wote saba, akaona vitukuu. Nilikuwapo kwenye maziko yake, bibi kizee aliyekufa kitandani kwake akiwa amezungukwa na watu wake. Watu walilia kwa adabu, kama wanavyomlilia aliyekula chumvi nyingi.

Nilistaafu nikiwa mkufunzi wa wakunga. Kwenye sherehe waliniuliza ni jambo gani ninalojivunia, nikawaambia kwamba kazi yetu haina cha kuonyesha. Anayejenga huonyesha nyumba. Sisi tunaonyesha mama anayepita njiani na ndoo yake, na mpita njia hawezi kujua kwamba angekuwa hayupo.

Juzi nilikwenda kliniki mjini Tanga kupima presha. Nilikaa kwenye benchi kando ya binti mmoja mwenye mtoto mgongoni. Akaitwa dirishani, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza sukari dukani, "Nimefuata sindano yangu ya miezi mitatu." Nesi akampa namba yake. Mimi, kwa mazoea ya zamani, nikageuka kutazama mlangoni kama kuna anayesikiliza. Alikuwapo mwanamume mmoja tu, amekaa. Alinyanyuka akampokea mtoto, ili mkewe aingie ndani mikono mitupu.